Saa Sita, Hali Shwari

Mzee alinikuta nimeshaandika saa sita mchana, na saa yenyewe ilikuwa moja na nusu asubuhi.

Nieleze kwanza, maana asiyewahi kulinda geti hatanielewa. Kwenye kibanda cha mlinzi huwa kuna kitabu cha matukio. Kila baada ya saa moja mlinzi anatakiwa azunguke uzio, arudi, aandike: saa fulani, doria imefanyika, hali shwari. Hiyo ni sheria. Mazoea ni kitu kingine. Ukishapokea zamu saa kumi na mbili asubuhi unakaa chini ya kiyoyozi, unakunywa chai yako, unaandika saa moja, saa mbili, saa tatu, unateremka na ukurasa mpaka mkono uchoke, na kila mstari unasema hali shwari. Hapa Qatar nimelinda Lusail wakati majengo yake bado yanatoa vumbi la saruji, nimelinda ghala Umm Salal, na sasa nalinda makazi ya majumba mapya hapa Al Wukair. Sijaona lindo ambalo kitabu chake hakijui yatakayotokea baadaye. Mtu akitusoma atadhani sisi ni manabii.

Msimamizi wetu aliingia bila kubisha, akafungua kitabu, akasoma, akarudia kusoma. Ni mzee mrefu anayekaribia sitini, sajini mstaafu wa nchi moja jirani ya Kenya, na shati lake la kazi hulipiga pasi mpaka mikunjo isimame yenyewe. Sote tunamwita Afande.

"Binti," akasema, "saa sita umeiona wapi?"

Nikacheka. Nina mdomo, sikatai. "Afande, saa sita itakuja tu, na itakuta hali shwari. Hapa kuna paka na vijana wa pikipiki wanaoleta chakula. Nani atatuvamia?"

   Akavuta kiti cha wageni akakaa, na macho yakamjaa maji mbele yangu na mbele ya mwenzangu wa zamu. Nilikuwa nimejiandaa kwa barua ya onyo, si kwa machozi; hata majibu nilishayapanga. 

Akapangusa macho, akaomba rula na kalamu nyekundu. "Kosa kwenye kitabu halifutwi," akasema, "wala ukurasa hauchanwi. Unapiga mstari mmoja juu yake, lakini lisomeke. Pembeni unaandika la kweli. Mwisho unatia sahihi." Akanisimamia nikapiga mstari juu ya saa mbili, saa tatu, mpaka saa sita, na kila mmoja nikautia sahihi. Halafu akatoka juani akaenda zake.

Mwenzangu, dada mmoja wa Nairobi asiyeogopa mtu, alingoja afike mbali. "Huyo buda ako na stress ya jeshi," akasema. "Kulilia kitabu ya doria? Wacha nijaze yangu yote kabla arudi."

Nilicheka naye. Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nikabaki najiuliza nyoka wa mzee huyu ni yupi, na nilikuwa na sababu zangu za kuuliza.

Nchi yake siitaji, wala majina ya watu siyaandiki humu. Mwenye kujua atajua, na asiyejua hatapungukiwa. Itoshe tu kwamba kaskazini ya nchi ile watu walipigana wenyewe kwa wenyewe miaka mingi, serikali upande huu na waasi upande ule, na jeshi likaanzisha kamandi ya mkoa kwa ajili ya vita hivyo. Afande alikuwa karani wa chumba cha operesheni kwenye makao makuu ya kamandi hiyo. Hilo kila mlinzi alilijua, kwani alilisema mwenyewe, kama watu wengine wanavyotaja shule waliyosoma.

Asilolijua mtu ni langu. Karatasi zangu zinasema mimi ni Mkenya, Kiswahili changu ni cha Kenya, na hata ugomvi wangu ni wa Kenya. Lakini nilizaliwa kwenye soko dogo ndani ya eneo la kamandi ile ile, soko lenye shule moja na kisima kimoja, na mama yangu alikuwa mpishi wa shule. Nilipokuwa na miaka minane sikio liliniuma siku nne mfululizo. Mama akamwomba mdogo wake anivushe mpaka, anipeleke hospitali ya misheni upande wa Kenya. Siku ya pili tulikuwa bado kwenye foleni pale lori lilipoingia na majeruhi wa kwetu. Mama mdogo alilizunguka lile lori mara tatu akitazama nyuso. Mama hakuwemo, na kwenye lori la pili pia hakuwemo. Sikio lilipona.

Mama mdogo ndiye aliyenilea, na kuhusu siku ile waasi walipovamia soko letu alikuwa na neno moja tu: walituuza. Watu waliokuwa mjini waliyaona magari ya jeshi yamejipanga kwenye uwanja wa makao makuu, askari wamekaa ndani na bunduki zao, injini zinanguruma. Halafu yakatoka, yakashika barabara ya upande mwingine. Sokoni kwetu waasi walikaa tangu asubuhi mpaka alasiri bila wa kuwauliza. Kwa hiyo kuna mkubwa aliyepokea kitu. Kila mtu wa kwetu aliamini hivyo, nami niliamini, na kwa miaka yote nilimtengenezea mkubwa huyo sura: kitambi, miwani myeusi, pete mbili.

Ndiyo maana tangu wiki ya kwanza nilimchukia Afande, kwa adabu zote. Ndiyo Afande. Sawa Afande. Nilimfungulia geti na kumtakia siku njema, na moyoni nilikuwa namhesabia.

Wiki mbili baada ya kisa cha kitabu alikuja na ombi. Wastaafu wenzake wa kamandi walikuwa wameunda kundi kwenye simu, wanaandika historia ya kamandi yao, kila mmoja sehemu yake. Yeye alipewa chumba cha operesheni.

"Macho yangu na kompyuta havipatani," akasema. "Wewe mkono wako mwepesi, na Kiswahili chako kimenyooka. Na jambo jingine, binti, wewe ni Mkenya. Huna mtu kule. Hawa wa kwetu waliopo hapa kila mmoja ana jeraha lake. Nikimpa aandike, atanikata kalima katikati ya sentensi."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo wangu, unaoropoka siku zote, siku hiyo ulikaa kimya. Nilitaka jina la aliyetuuza, na mtu aliyekuwa chumbani siku ile amesimama mbele yangu ananiomba nimsikilize. Nikasema sawa, Afande.

Tulikutana Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, kwenye mkahawa mmoja wa karak, ile chai ya maziwa ya hapa, karibu na lindo. Mimi nilikuwa natoka kanisani, yeye anatoka msikitini. Mimi nilikuja na kompyuta ya mwenzangu, yeye na miwani yake. Kila mara aliagiza chapati mbili za mayai, akanisukumia moja. "Kula kwanza," alisema. "Historia haikimbii."

Historia yenyewe ilinishangaza kwa udogo wa mambo yake. Nilitegemea mizinga. Badala yake nikaandika kwamba kamandi ilianzia kwenye kinu cha pamba kilichoachwa, na wiki ya kwanza jeshi zima lilipiga chafya. Nikaandika kwamba kamanda wa kwanza alifuga mbuzi, na mbuzi wakala ramani, ndipo ramani ya mkoa ikachorwa upya kwa mkono juu ya shuka la kitanda na kutundikwa juu sana. Vituo vya nje vilikuwa kumi na viwili, kila kimoja kikashonewa kifungo cha shati. Kamanda wa pili alipiga marufuku pombe, kisha akakutwa nayo kwenye birika la chai. Nikaandika kuhusu daraja la magogo walilolijenga, kuhusu wauguzi wa chanjo waliowasindikiza vijijini, kuhusu sajini mmoja aliyefundisha watoto wa mji kusoma kwa kutumia maboksi ya biskuti za jeshi.

Alikuwa msimuliaji mzuri, na hilo liliniudhi. Mara mbili nilijikuta nacheka mpaka mwenye mkahawa akageuka kututazama. Nikirudi chumbani nilijichukia. Nilijiambia: unamchekea mtu huyu, tena kwa chapati yake mwenyewe.

Nikavuta subira. Kila Ijumaa tulimaliza kituo kimoja au viwili: nani alikianzisha, askari wangapi, barabara ikoje. Mpaka siku aliponiambia, "Kituo cha saba kilikuwa kwenye soko dogo, penye shule na kisima," na nikajua tumefika kwetu.

Siku hiyo hakuagiza chapati. Alitoa mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko kitabu kirefu chenye jalada la kijani, pembe zake zimeliwa na mende. "Nilipostaafu nilikichukua," akasema. "Hakuna aliyekitafuta." Kilikuwa kitabu cha matukio cha chumba cha operesheni, chenyewe, na kilikuwa kimesafiri mpaka Doha ndani ya sanduku la nguo.

Niliandika alivyosema, na hapa nafupisha. Vituo vya nje vilitakiwa kupiga redio makao makuu mara nne kwa mchana: saa kumi na mbili, saa tatu, saa sita, saa tisa. Karani wa zamu huandika alichosikia. Lakini betri za vituoni zilikuwa mbovu. Mara kwa mara kituo kilikaa kimya siku nzima, kumbe wako salama wanacheza bao. Karani akiandika "kimya", sheria ilitaka gari litumwe likaangalie. Gari lilitaka dizeli, dizeli ilikuwa haba, na kamanda alimfokea kila karani aliyeimaliza kwa ajili ya betri. Basi makarani wakajifunza. Kituo kisipopiga, andika hali shwari. Baadaye hawakungoja hata saa ifike. Wakishapokea zamu waliteremka na ukurasa.

Niliandika sentensi hiyo ya mwisho, kisha mkono ukasimama. Niliijua. Ningeweza kumwambia hata ladha ya chai inayoendana nayo.

"Endelea," Afande akasema, naye alikuwa anatazama meza.

Siku ile kituo cha saba kilivamiwa kabla ya saa tatu asubuhi. Waasi walianza na redio. Askari wa kituo walikuwa wachache, waliokufa wakafa na waliokimbia wakakimbilia porini. Makao makuu kitabu kilisema: saa tatu, kituo cha saba, hali shwari. Saa sita, kituo cha saba, hali shwari. Kombania ya akiba ilikuwa uwanjani, tayari ndani ya magari, kwa sababu kulikuwa na fununu kwamba waasi wamevuka mto na hakuna aliyejua wamevukia wapi. Saa sita na robo kamanda aliingia chumba cha operesheni, akapitisha kidole kwenye ukurasa akitafuta kituo kilicho kimya. Hakukuwa na kilicho kimya. Akatazama shuka lenye vifungo, akabahatisha, akayatuma magari magharibi. Kituo cha saba kilikuwa mashariki.

Aligeuza kitabu kikanielekea. Mwandiko ulikuwa mzuri. Mistari yote ya siku ile, ya asubuhi na ya alasiri, ilikuwa ya wino mmoja na mkono mmoja usiopumzika, na hata mtu asiyejua kazi yetu angeona kwamba iliandikwa kwa mkao mmoja.

"Huyo karani alikuwa nani?" nikauliza.

"Anakunywa chai na wewe."

Sijui kueleza nilivyokuwa. Hasira niliitegemea, na ningeikaribisha, maana nimeifuga tangu utotoni. Haikuja. Nilipigwa na butwaa tu. Miaka yote nilikuwa nimejiandaa kukutana na dhambi kubwa, na mtu aliyekaa kitako akatupima, akatupangia bei, akatuuza. Nikakuta mtu aliyetaka kumaliza kuandika mapema. Hakuna aliyetuuza. Hakuna hata aliyetufikiria. Yule mkubwa wa kitambi na pete mbili hakuwahi kuzaliwa, na mahali pake alikaa mzee mwembamba anayenisukumia chapati, na nyuma ya mzee nilijiona mimi mwenyewe, kalamu mkononi, kila asubuhi ya kazi.

"Sijui kama ingebadili kitu," Afande akasema, nusu kwangu na nusu kwa glasi yake. "Huenda kufika saa tatu walikuwa wameshakufa wote. Huenda. Kama ilikuwa hivyo, basi ile saa sita yangu ni wino tu. Hakuna aliyewahi kuniambia, na mimi sikuwahi kwenda kuuliza."

Nilimtumia kurasa kwenye simu yake kama kila Ijumaa, nikafunga kompyuta. Nikamwambia kichwa kinaniuma, nikatoka kwenye jua la saa nane nikatembea mpaka kituo cha basi bila kofia. Watu wa hapa hawatembei saa nane. Dereva mmoja wa teksi, Mganda, alisimama akaniuliza, "Dada, uko sawa kweli?" Nikampungia mkono apite.

Nilitembea hivyo kwa sababu jibu la Afande mimi nililijua. Jirani yetu mmoja alitoka hai sokoni siku ile, na alipofika upande wa Kenya alikaa kwetu miezi miwili. Alisimulia mara moja tu, nami nikiwa nyuma ya mlango. Wanawake na watoto walijifungia kwenye darasa la mwisho. Mama aliwahi kuburuta pipa la maji ya kupikia mpaka ndani. Waasi hawakuwa na haraka nao mwanzoni, walikuwa wakipora maduka. Ilipofika saa sita walikaa chini ya ukuta wa jikoni wakala uji na maharage ya watoto, yale mama aliyoyabandika asubuhi, na waliokuwa darasani waliwasikia wakigonga vijiko. Saa hiyo mama alikuwa anawagawia watoto maji kwa kikombe kisicho na mkono. Aliwaambia wavumilie kidogo, jeshi lina redio, makao makuu wameshajua, magari yako njiani. Mlango ulivunjwa baada ya saa nane.

Wiki iliyofuata nilishindwa kuandika hali shwari. Mkono ulikataa, na mimi sikuulazimisha. Kila saa nilizunguka uzio kweli, joto lile, jasho linaingia mpaka kwenye viatu, nikarudi nikaandika nilichokiona. Saa tatu: bomba la bustani ya nyumba ya tisa linavuja. Saa nne: taa ya maegesho imeachwa inawaka. Saa tano: sikuzunguka, kizunguzungu, nimekaa.

Mwenzangu alisoma akashika kiuno. "Sasa hii ni kitabu ya kazi ama ni diary? Utatuchomea, wewe. Wakiona yako wataanza kuuliza mbona yetu ni shwari mpaka Krismasi."

Nikamwambia aandike yake anavyotaka. Akaacha utani, akaniuliza kama kuna mtu amefariki nyumbani. Nikasema ndiyo, zamani.

Alhamisi asubuhi Afande alikuja kibandani na ule mfuko wa plastiki. Mwenzangu alikuwa ametoka kwenda doria, tukabaki wawili. Nilikuwa nimemkwepa wiki nzima, na nadhani alidhani nimechoka na kazi yake. Akasimama mlangoni kama mgeni.

"Ile sehemu ya kituo cha saba nimewatumia wenzangu," akasema. "Nilimpa mpwa wangu asome kile ulichokiandika, akawarekodia kwa sauti. Wamekataa. Wanasema itaichafua kamandi, na kwamba waliokufa hawatafufuka kwa aya moja. Wanataka niandike kituo kilizidiwa nguvu, basi." Akapangusa jasho la shingo. "Nami nimechoka kubishana. Nikaona nije kwako. Wewe ni wa kando, utaona sawasawa kuliko sisi. Niiondoe?"

Nilimwangalia mzee wa watu. Ningeweza kusema iondoe, akashukuru, tukaendelea na kituo cha nane.

"Afande," nikasema, "mimi si wa kando. Mama yangu alikuwa mpishi wa shule pale kituo cha saba."

Nilitegemea atakana, au atapiga magoti aombe msamaha, na huo msamaha ndio niliouogopa zaidi, kwa kuwa sikuwa nao wa kutoa. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alivua kofia. Akatafuta kiti kwa mkono bila kukitazama, akakaa.  Nje gari la mkazi lilipiga honi getini, nikabonyeza kitufe likapita, na yeye hakulisikia. Halafu akaniuliza, na aliuliza polepole.

"Saa sita alikuwa hai?"

 Nilielewa kwamba miaka yote hii mzee huyu alikuwa na swali moja tu, na katika Doha nzima jibu lilikuwa kwangu. Neno moja, hapana, na angelala usingizi. Na nilitaka kulisema. Nalikiri hapa kwa sababu mpaka leo linanishtua: nilimtazama na kola yake iliyopigwa pasi, nikamhurumia, nikajikasirikia kwa kumhurumia, na neno lilikuwa tayari ulimini. Kilichonizuia si wema. Niliona kwamba nikisema hapana, nitakuwa nimekaa kibandani asubuhi na mapema nikamwandikia mama yangu mwenyewe hali shwari.

"Alikuwa hai," nikasema. "Wote waliokuwa darasani walikuwa hai. Alikuwa anawapa watoto maji. Anawaambia wavumilie, magari yako njiani, jeshi lina redio."

Sauti iliyomtoka sitaki kuieleza. Ilikuwa ndogo.

Sikumsamehe siku ile, na sijamsamehe. Aya haikuondolewa. Jioni aliwajibu wenzake kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa, wakipenda wachape na wasipopenda waache, nao wakamtoa kwenye kundi. Ijumaa bado tunakunywa chai, na kuna Ijumaa nyingine hatuzungumzi kabisa. Hayo yalikuja baadaye.

Pale kibandani alipoweza kukaa wima alitoa kitabu cha kijani, akakifungua bila kutafuta, maana kilijifungua chenyewe kwenye ukurasa ule. Akaomba rula na kalamu nyekundu. Akaiweka rula juu ya mstari wa saa sita, lakini mkono ulitetemeka rula ikateleza, akaiweka tena ikateleza tena. Nikaishika ncha moja. Akapiga mstari mmoja, maneno ya chini yakabaki yanasomeka, akatia sahihi yake. Kisha akanipa kalamu.

"La kweli liandike wewe," akasema.

"Mimi sikuwepo, Afande."

"Hata mimi sikuwepo, na niliandika. Wewe angalau una habari."

Nikavuta kiti. Pembeni ya ukurasa nafasi ilikuwa finyu, nikaandika kwa herufi ndogo. Saa sita mchana, kituo cha saba. Watu wako hai, wamejifungia darasa la mwisho. Maji yapo. Wanasubiri magari. Taarifa imetolewa na mpishi wa shule. Hapo nikaandika jina la mama, lote, majina matatu, nikatia sahihi yangu.

Afande akalisoma, akarudia kulisoma. Halafu akaichukua kalamu, na chini ya sahihi yangu akaongeza kwa ule mwandiko wake mzuri: Magari hayakutumwa kwao.